Gurudumu la Gari la Jeshi si Gurudumu la Kawaida



Mara nyingi katika karatasi hii tumesema habari ya mishahara, saa za kazi na likizo. Leo twaomba nafasi tuseme habari ya rimu na tairi. Wako watakaocheka, waseme chama kimeishiwa na maneno. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, hasa ninyi mnaofanya kazi katika karakana na barabara za Migori na Homa Bay, kuanzia Isebania mpaka Mbita, maana jambo hili limekwisha ingia katika nyumba za wenzetu.

Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala hatutamtaja tajiri wake, alikuwa fundi wa tairi katika karakana moja upande wa Rongo. Tajiri alikuwa amenunua mnadani lori kuukuu lililotoka jeshini, lile la magurudumu yote kuvuta, mbele na nyuma. Alilitaka kwa kazi ya kukokota trela za miwa zinazonasa kwenye udongo mweusi wakati wa mvua. Lori lilikuja bila kitabu, bila spana zake, na limepakwa rangi mpya ya kijani toka bodi mpaka magurudumu. Mwenzetu akaambiwa ahamishe gurudumu moja la mbele alipeleke nyuma. Gurudumu lilikuwa zima, limejaa upepo. Akapiga jeki, akachuchumaa mbele yake, akaona nati za duara mbili: chache katikati, nyingine nyingi karibu na ukingo. Akaanza na zile za ukingoni, maana ndizo alizozifikia kwa urahisi. Hakumaliza. Nusu ya rimu iliruka ikampiga pamoja na spana yake. Leo hana mkono wa kulia kutoka kwenye kiwiko, na jicho moja haliioni njia.

Tajiri alisema maneno mawili tu: "Fundi alikosea."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotufanya tuandike. Basi tuulize, alikosea nini? Kwa miaka mingi alifungua na kufunga magurudumu ya malori, ya trela na ya matrekta, na mikono yake ilikuwa mizima. Kosa lake ni kwamba hakujua jambo ambalo jeshi lilikuwa likilijua tangu Vita Kuu ya Pili, na ambalo hakuna mtu aliyemwambia.

Jambo lenyewe ni hili. Gari la vita hutakiwa kwenda hata likipigwa risasi ya tairi. Kwa hiyo walitengeneza matairi yenye kuta nene ngumu, yanayoweza kutembea masafa fulani bila upepo. Tairi gumu namna hiyo haliwezi kupenyezwa kwenye rimu ya kawaida kwa vyuma vya mkono. Ndipo wakakata rimu katikati ikawa nusu mbili kama sahani mbili, tairi likawekwa kati yake, nusu hizo zikafungwa pamoja kwa nati na bolti. Katika jeep ya wakati wa vita, kwa mfano, gurudumu la namna hii lilikuwa na nati tano katikati za kulishika kwenye ekseli, na nati nane nje zaidi za kushika nusu mbili za rimu. Zile tano ukizifungua, gurudumu linatoka. Zile nane ukizifungua tairi likiwa na upepo, umefungua bomu.

Waingereza walilijua hilo, na dawa yao ilikuwa rahisi: zile nati za kushika nusu mbili walizipaka rangi nyekundu. Askari aliyejua kusoma na asiyejua, wa Nyanza au wa Nyasaland, wote walielewa kwamba nyekundu haiguswi mpaka upepo umetoka wote. Wazee wetu waliotumika kama madereva katika jeshi la mfalme, wakafika hata Burma mwaka 1944 na 1945, walifundishwa hivyo.

Sasa angalieni lori linapouzwa kwa raia. Mnunuzi wa kwanza analipaka rangi ili lionekane jipya. Yule mpakaji anapuliza rangi juu ya rimu, juu ya nati, juu ya kila kitu. Kwa rangi ya shilingi chache ile alama nyekundu inafutika, na pamoja nayo yanafutika mafundisho yote ya jeshi. Kitabu kimebaki ghalani, au kimetupwa. Spana maalum zimeuzwa kando. Kinachomfikia fundi wa Awendo au Ndhiwa ni chuma kitupu, na amri ya tajiri kwamba lori liwe barabarani saa nane. Halafu twaambiwa fundi alikosea.

Sisi hatusemi magari haya yapigwe marufuku, maana tungekuwa tunajidanganya. Kila mtu anajua hali ya njia za ndani za Ndhiwa, Lambwe, Nyatike na Karungu mwezi wa Aprili. Lori la kawaida linakaa kwenye tope siku mbili, miwa inakauka, mkulima analia, dereva analala ndani ya gari. Lile kuukuu la jeshi linapita. Linachukua mchanga kutoka Kuja, mawe ya dhahabu kutoka mashimo ya upande wa Macalder, na mbao na samaki na watu. Tena limewapa wanachama wetu kazi. Twalitaka lori, na twaitaka mikono yetu vilevile.

Wala tusidhani ni mali mpya katika nchi hizi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mabaki ya jeshi yaliuzwa kila mahali. Jirani zetu wa Tanganyika walioona Mradi wa Karanga wa Kongwa wanakumbuka: kuanzia mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta yaliyotumiwa na jeshi kutoka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa miti. Mengi yaliharibika upesi, vipuri havikupatikana, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Watu wengi walicheka habari ya karanga. Sisi twaona somo lingine, kwamba mtu akinunua mashine ya vita kwa bei ya chini, asinunue pamoja nayo maarifa yake, bei iliyobaki italipwa na mwingine.

Siku hizi sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu la zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo magari haya hayashuki tena melini Mombasa kwa wingi. Mengi ya tunayoyaona ni yale yanayouzwa hapa hapa nchini kwa mnada, yakapita mikono miwili mitatu kabla ya kufika kwetu. Na mnadani neno ni lile lile siku zote: kama lilivyo, mahali lilipo. Maneno hayo yanamlinda muuzaji. Hayamlindi anayechuchumaa.

Tumesema habari ya rimu ya nusu mbili kwanza kwa sababu ndiyo isiyojulikana. Lakini iko ya pili inayojulikana na kila fundi, na kwa kujulikana kwake imekuwa hatari zaidi: rimu yenye pete ya kufungia. Hii haiko katika magari ya jeshi tu. Iko katika malori mengi ya kazi na trela za miwa zinazotumia tyubu. Rimu imewekewa pete ya chuma pembeni, pete imekaa katika mfereji wake, na upepo wa tairi ndio unaoisukuma ikae. Ikikaa vizuri, ni kazi safi. Isipokaa, upepo ule ule unaoishika ndio utakaoirusha.

Hebu tupige hesabu ambayo mtoto wa shule anaiweza. Rimu ya inchi 20 ina mzunguko wa karibu inchi 63. Chukueni ukanda wa inchi moja tu kuizunguka: ni inchi za mraba zaidi ya 60. Tairi la lori hujazwa ratli 100 kwa kila inchi ya mraba, na pengine zaidi. Basi ukanda ule mwembamba peke yake unasukumwa kwa ratli zaidi ya 6,000, yaani karibu tani 3. Ni kama ng'ombe kumi wazima wamekaa juu ya pete moja, wanangoja itelezwe kidogo. Na upepo hauko kama maji. Maji yakipata nafasi kidogo nguvu yake inakwisha. Upepo uliobanwa hutanuka, ukaendelea kusukuma. Ndiyo maana pete haianguki miguuni pa mtu. Inapaa, na kilicho juu yake kinapaa nayo.

Inatelezwa kwa nini? Kwanza, vipande havikuzaliwa pamoja. Pete ya rimu hii imewekwa kwenye rimu ile kwa sababu zinafanana kwa macho, nazo zimetofautiana kwa unene wa ukucha. Katika magari ya jeshi jambo hili ni baya zaidi, maana vipuri vyake havipatikani dukani, na fundi anaokota alichokikuta kwenye rundo. Pili, kutu. Mfereji umeliwa, pete imepinda, mtu anaipiga nyundo mpaka inanyooka, anasema imepona. Chuma kilichopinda kikanyooshwa hakikupona, kimechoka. Tatu, na hii ndiyo iliyoua wengi, pete haikukaa sawa, fundi ameiona imeinuka upande mmoja, naye upepo ameshatia nusu. Badala ya kutoa upepo aanze upya, anainua nyundo aigonge ikae. Ndugu, nyundo hiyo ndiyo adui yetu. Pete ikiwa na upepo nyuma yake haigongwi hata kwa kidole.

Huku kwetu tumezoea kinga za kienyeji. Wengine wanafunga mnyororo kuzunguka tairi. Wengine wanaliingiza gurudumu chini ya lori, pete ikitazama chini, ndipo wanatia upepo. Wengine wanasimama upande wa pili wakasali. Hatumcheki mtu anayejilinda kwa alichonacho, na mnyororo ni afadhali kuliko kitu kitupu. Lakini tusiuite kinga. Kinga ni kizimba cha chuma kilichoshonwa kwa nondo nene, gurudumu linaingizwa ndani, upepo unatiwa kwa mpira mrefu wenye kishikio kinachojishika chenyewe kwenye valvu, na geji na kufuli ya upepo viko mkononi mwa fundi aliyesimama kando, mbali na njia ya pete. Marekani walifanya hivyo kuwa sheria mwaka 1980 kwa rimu za vipande, na mwaka 1984 wakaongeza rimu za kipande kimoja za malori. Sheria yao inataka kizimba kiwe na nguvu mara moja na nusu ya kishindo kinachoweza kutokea, na mfanyakazi afundishwe kwanza ndipo aruhusiwe kugusa. Hao si watu wanaopenda kupoteza pesa. Waliona mazishi, wakapiga hesabu.

Kizimba chaweza kutengenezwa na fundi yeyote hodari wa kuchomelea hapa Migori au Homa Bay, mradi apewe nondo za kutosha na mtu wa kukipima. Gharama yake haifiki gharama ya matairi ya lori moja. Tajiri anayesema hana pesa ya kizimba, mwulizeni matairi alinunua kwa nini.

Na hapo hapo kwenye kutia upepo kuna desturi nyingine ya kuachwa. Kabla ya kulegeza nati yoyote ya gurudumu la vipande, toeni kile kisindano cha ndani ya valvu, upepo utoke wote, mpaka hausikiki. Si kulibonyeza tu kwa msumari. Kama ni magurudumu pacha ya nyuma, toeni ya nje na ya ndani, yote mawili, maana rimu iliyopasuka yaweza kuwa imeshikwa na nati tu, na siku ile unazilegeza inajifungua. Pitisheni waya katika tundu la valvu, kwani mara nyingine tope au barafu ya upepo huziba na kumdanganya mtu kwamba tairi ni tupu. Na tairi lililotembea bila upepo wa kutosha, kama limepungua ratli 20 katika 100, lisiongezewe upepo likiwa garini. Kuta zake zimekwisha vunjika ndani bila kuonekana. Litolewe kwanza, likaguliwe.

Habari ya kuchomelea rimu ikiwa na tairi ndani yake tutaisema kwa maneno machache, kwa sababu hatuna namna ya kuipamba. Moto wa kuchomelea huunguza mpira kwa ndani, mpira hutoa gesi, gesi ikawaka, tairi likalipuka. Hata kama upepo ulitolewa. Hakuna fundi wa kuchomelea aliye hodari kuliko gesi hiyo. Rimu ivuliwe tairi kwanza, na rimu ya vipande iliyopasuka isichomelewe kabisa, itupwe.

Sasa matairi yenyewe. Mtu akienda kuyaona magari ya jeshi, jambo la kwanza linalompendeza ni meno. Meno marefu, meusi, kama tairi la jana. Ndugu madereva, meno hayasemi umri. Gari la jeshi linaweza kukaa ghalani au juani miaka kumi na tano likitembea kidogo sana. Meno hayakwishi, lakini mpira unakufa. Angalieni ubavu wa tairi, pale penye herufi DOT, tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 4207, maana yake ni wiki ya 42 ya mwaka 2007. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mwenye kulitia barabarani analeta mzee kucheza mpira na vijana. Kunjueni mpira kidogo kwa kidole cha gumba katikati ya meno na ubavuni. Mkiona nyufa ndogo ndogo kama udongo wa Kendu wakati wa kiangazi, basi.

Tena matairi mengi ya jeshi yalitengenezwa kwa matope na mawe, si kwa lami. Yale ya zamani yaliyosukwa kwa nyuzi za kukingama hushika joto upesi yakikimbia. Katika tope la Lambwe ni mfalme; katika lami ya Rongo kwenda Migori, na mzigo juu, na dereva anakimbizwa na saa, yanapata joto mpaka yanaachana ngozi. Mvua ikinyesha juu ya lami, meno yale makubwa yanagusa barabara kidogo kuliko tairi la kawaida, na breki zinachelewa. Wala msitie tairi la nyuzi za kukingama na la waya la kisasa katika ekseli moja. Gari litavuta upande kila likipinda, na dereva ndiye atakayeulizwa na polisi.

Dereva anayepunguza upepo ili atoke kwenye tope amefanya jambo la akili. Dereva anayesahau kuurudisha akifika lami amefanya jambo la kuua. Lakini twamlaumu vipi, ikiwa gari halina geji wala kompresa, na kituo cha upepo kiko kilomita 30 mbele? Hili nalo ni la tajiri.

Jambo dogo lililovunja spana nyingi: katika magari mengi ya jeshi ya zamani, nati za magurudumu ya upande wa kushoto zimekatwa kinyume. Hufunguka kwa kuzungushwa kama unafunga. Fundi asiyejua anaongeza bomba juu ya wilispana, vijana wawili wanaruka juu yake, stadi inakatika. Stadi moja ikikatika zilizobaki zinabeba mzigo wake, na baada ya wiki gurudumu linampita dereva barabarani akilitazama. Mara nyingi mwisho wa stadi au wa nati umepigwa herufi L. Tafuteni herufi hiyo kabla ya kutafuta bomba. Na gurudumu lililofungwa leo likazwe tena baada ya kilomita 50 au 100. Siyo kesho kutwa, siku ile ile.

Turudi kwa yule mwenzetu na maneno ya tajiri wake. Sheria ya nchi haisemi kama tajiri anavyosema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mwenye mahali pa kazi wajibu wa kuweka mashine salama, na kumpa mfanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi. Inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amweleze msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Ajali ya kifo ipelekwe habari kwa afisa wa usalama ndani ya saa 24. Ni karakana ngapi za miwa hapa kwetu zenye kamati hiyo, si kwa karatasi, bali iliyokutana mwaka huu? Wanachama watujibu.

Na Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, ya mwaka 2007 vilevile, haiulizi kwanza kama fundi alikosea. Inauliza kama aliumia akiwa kazini. Akiumia kiasi cha kutoweza kazi tena kabisa, fidia yake inahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Akipoteza kiungo, kwa sehemu yake. Mwajiri analazimika kuwa na bima ya jambo hili. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwezi wa Desemba mwaka 2019. Madai yaletwe ndani ya miezi 12. Twarudia, miezi 12, kwa sababu mwenzetu alipotufikia alikuwa amekwisha poteza saba akizungushwa kwa ahadi ya ng'ombe wawili na karo ya mtoto. Kutokuwa na barua ya kazi si dawa ya tajiri. Mapatano ya mdomo ni mapatano mbele ya sheria ya kazi.

Hapa lazima tujisute wenyewe, maana bila hivyo maandishi haya yatakuwa ya kulaumu wengine tu. Wako wanachama wetu, madereva na utingo wa makampuni makubwa, ambao wanajua rimu ya pete ni hatari. Wanafanya nini? Wanalikwepa gurudumu, wanalipeleka kwa kijana wa pancha kando ya barabara, pale Rodi Kopany au pale stendi ya Migori, mwenye kompresa moja na nyundo moja. Anapewa shilingi zake kwa gurudumu, halipwi kwa saa, kwa hiyo haraka ndiyo chakula chake. Yeye si mwanachama. Hana tajiri wa kumshtaki. Likimlipukia, kampuni itasema hatumjui, na sisi pia tutasema hatumjui. Hivyo hatari haikuondoka; tumeihamisha kutoka kwa mwenye chama kwenda kwa asiye nacho. Katika lugha yoyote inayosemwa katika karakana zetu, Kijaluo, Kikuria, Kikisii au Kiluhya, jambo hilo lina jina, na si jina zuri.

Sheria ya mwaka 2007 yataja kila mahali mtu anapofanya kazi, na hata mtu anayejiajiri. Basi na chama kisiwe na macho madogo kuliko sheria. Twapendekeza vijana wa pancha waandikishwe kwa kiingilio kidogo, na kila stendi kubwa ijengewe kizimba kimoja cha pamoja, serikali za kaunti za Migori na Homa Bay zikitoa nondo badala ya kukusanya ushuru peke yake. Tom Mboya, aliyezikwa kule Rusinga baada ya kuuawa mwaka 1969, kabla hajawa kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi alikuwa mkaguzi wa afya wa mji wa Nairobi. Kazi yake ilikuwa kwenda kutazama mahali wengine wasipotazama, akaandika alichokiona. Kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa na kila mwakilishi wetu wa karakana akiwa na daftari na kalamu.

Kwa wanaouza magari ya jeshi na ya serikali kwa mnada twaomba jambo moja lisilogharimu kitu: karatasi ya mauzo iandike rimu ni ya namna gani, na nati za nusu mbili zirudishiwe rangi yake kabla gari halijatoka uani. Kwa matajiri twadai kizimba, mpira mrefu wenye kishikio na geji, na siku moja ya mafunzo yenye malipo kwa kila fundi wa tairi. Wakikataa, wanachama wasiguse rimu za vipande, na wamweleze msimamizi kwa maandishi kwa nini, nakala ije kwa katibu wa tawi.

Katika mkutano ujao wa tawi tutapendekeza pesa kidogo zitolewe kununua mabati ya rangi nyekundu na brashi, yagawanywe kwa wawakilishi wa karakana. Kila mwanachama atakayekuta rimu ya nusu mbili azipake nati zake za ukingoni kabla hajashika spana. Tajiri akiuliza ni nani aliyechafua lori lake, aambiwe ni chama.